Tetemeko Linalopiga Hodi

Mama alikimbia akaniacha. Tulikuwa tumekwenda kuangalia nyumba, basi. Mimi nilikuwa jikoni nikifungua na kufunga kabati tupu, mama alikuwa chumbani, na mwanamume wa kampuni ya nyumba alikuwa amesimama sebuleni akieleza mambo ya kupasha nyumba joto na chumba cha kufulia. Nje kukaanza mlio: pi, pi, pi, pi, mfululizo, kama lori linalorudi nyuma. Sikuujali. Halafu sakafu ikasukumwa kutoka chini, mara moja tu, kwa nguvu. Vioo vya madirisha vikagonga kwenye fremu zake, na mlango wa kabati niliokuwa nimeushika ukatetemeka mkononi mwangu. Nilipochungulia chumbani, mama hakuwepo. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na hewa baridi ya ngazi ilikuwa inaingia. Viatu vyake vilikuwa bado palepale, karibu na vyangu, kwa sababu huku huingii na viatu nyumbani mwa mtu, hata nyumba ambayo haina mtu.

Yule mwanamume akavitazama vile viatu, akanitazama na mimi. Akasema maneno ya Kiswidi, polepole, kwa sauti ya kunituliza. Nilishika mawili tu: "mwamba" na "kawaida". Mwamba wa kawaida? Kawaida ya mwamba? Sikuuliza. Mimi nikiona mtu ananingoja nijibu, maneno yote hunitoka, hata yale ya Kiswahili. Nikasema asante, nikavaa viatu vyangu, nikabeba vya mama, nikashuka.

Nilimkuta katikati ya maegesho ya magari, mahali pasipo na ukuta wala nguzo karibu, amesimama kwenye theluji kwa soksi. Mkoba wake alikuwa ameukumbatia kifuani.

"Umetoka?" akaniuliza.

"Nimetoka, mama. Vaa viatu."

"Ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni," akarudia. Akanishika bega, akanigeuza huku na huku kama anayetafuta mahali nilipovunjika. Alipoona nipo mzima, akainama kuvaa viatu. Hapo mlio ukatoka tena upande uleule, lakini sasa ulikuwa mmoja, mrefu, usiokatika. Mama akainua kidole.

"Unasikia? Wako na mashine. Imelia mbele ya tetemeko, na sasa imelia nyuma yake. Hawa Wazungu wanajua linakuja saa gani."

"Mama, hapa hakuna matetemeko."

"Kama hakuna, mashine ni ya nini? Mtu anaweka king'ora mahali ambapo hapana hatari?"

 Tulikwenda kituoni, na kwenye treni mama hakuuachia ule mkoba.

Tangu tufike Stockholm tumekaa kwa watu. Kwanza kwa watu wa kanisani, halafu Märsta, karibu na uwanja wa ndege ambako mama anafanya usafi, halafu Rågsved. Huku nyumba ya kupanga kwa jina lako mwenyewe haipatikani kwa kuitafuta tu; unajiandikisha kwenye foleni, na foleni inakwenda kwa miaka, na wewe unazeeka ndani yake. Mama alijiandikisha mapema, hata kabla ya kujua kusema asubuhi njema kwa Kiswidi. Rågsved tulikuwa tunakaa kwa mwanamke Mkenya, anayehudumia wazee, ambaye mimi namwita anti. Alimpa mama chumba cha binti yake aliyekuwa masomoni mji mwingine, na mimi nikapewa kochi la sebuleni. Sasa binti alikuwa anarudi mwezi wa tatu. Anti hakutufukuza, lakini chumba kilikuwa na mwenyewe. Nyumba ile ya ghorofa ya tatu, yenye vyumba viwili na jiko, ndiyo foleni ilikuwa imetutolea hatimaye, na kampuni ilitaka jibu Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Jioni anti alipotoka kazini alitukuta jikoni tukimenya ndizi.

"Haya, nileteeni habari. Kuko aje huko? Kuna balkoni?"

"Balkoni iko," mama akasema. "Lakini pale chini kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Tetemeko."

Anti akaketi. "Dada, watu wanangoja hiyo foleni mpaka wanaota mvi. Wewe umepewa jiko lako, bafu lako, halafu unaniambia tetemeko? Hii Sweden? Nimeishi huku miaka yote, sijaona hata kikombe kikicheza."

"Leo mimi nimeona madirisha yakicheza. Uliza mtoto."

Wote wawili wakanitazama. Nikasema ni kweli, yalicheza.

"Labda lilikuwa lori."

"Lori linapigiwa king'ora?" Mama akaeleza habari za mashine, mlio wa kwanza na mlio wa pili, na jinsi alivyoshuka. Anti alijaribu kujizuia, akashindwa. Anti akicheka, hucheka mwili mzima, mpaka meza inasogea.

"Na soksi! Kwenye theluji! Na mkoba mkononi! Aki, mama, mkoba umeuokoa, mtoto umemwacha huko juu!"

Ulikuwa utani. Hata mimi nilitabasamu kidogo. Mama hakutabasamu. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwa kitenge, akaingia chumbani na kufunga mlango taratibu.

"Nimesema nini?" anti akauliza.

Nikatikisa kichwa kama mtu asiyejua. Nilijua.

Bukavu, kwetu Kongo, ardhi hutetemeka. Siyo kila siku, lakini mara za kutosha hata watoto wanajua la kufanya: unatoka nje, unakaa mbali na kuta, unangoja, halafu watu wanaanza kucheka na kuhesabiana. Siku moja, nikiwa mdogo, bado sijaanza shule, nilikuwa na homa na mama alikuwa amenilaza kitandani mchana. Yeye alikuwa anapika. Nakumbuka taa ikibembea kwenye waya wake, na vumbi likishuka kutoka juu polepole kama unga unaochekechwa. Sikulia. Nilidhani ni homa. Halafu nikasikia sauti nyingi nje, na sauti ya jirani yetu mmoja juu ya nyingine zote:

"Wewe, umeokoa kifuniko, na mtoto je?"

Mama alikuwa ametoka mbio na kifuniko cha sufuria mkononi. Alirudi ndani kunichukua, akanibeba na shuka lote, na nyumba haikuanguka. Ukuta wa jikoni ulipasuka tu. Lakini lile neno la jirani lilikaa. Wanawake wa kisimani waliligeuza kuwa jina la mama, na kwa muda mrefu watu waliokuwa wakinunua sufuria walipomwona walimuuliza kwa utani kama kifuniko kinauzwa peke yake. Mama alikuwa anacheka nao. Mimi nilikua nikijua ile hadithi kama hadithi ya kuchekesha. Sikujua kama mama anajua kwamba nakumbuka ile taa. Hatukuwahi kuizungumzia.

Kwa hiyo usiku ule kwenye kochi sikuwa naelewa kitu kimoja: mama anaogopa ile nyumba, au anaogopa nini?

Mwaka ule nilikuwa nasoma shule ya watu wazima, ngazi ya msingi, kwa sababu kule nyumbani niliishia shule ya msingi na hata hiyo kwa kuruka ruka. Katika somo la sayansi tulikuwa tumeanza na umeme tuli. Mwalimu wetu, mwanamke mrefu anayevaa sweta moja ya kijani, alisugua baluni kwenye nywele za mwanafunzi mmoja, nywele zikasimama, sisi wakubwa wote tukacheka kama watoto. Alisema vitu viwili vikisuguana, kimoja huweza kumpokonya mwenzake vijipande vidogo sana vya umeme vinavyoitwa elektroni, vikajaa upande mmoja na kupungua upande mwingine. Vikipata njia, vinaruka kurudi. Ndiyo ile cheche. Alisema hewa ya majira ya baridi ni kavu, haivisaidii vile vijipande kuondoka polepole, ndiyo maana huku watu hupigwa na vitasa vya milango.

Nilifurahi sana siku ile, maana lilikuwa jambo la nyumbani kwetu kabisa. Anti ana zulia refu la nailoni ukumbini, na mama kila akitoka chumbani anaburuza miguu juu yake na ndala za manyoya, anashika kitasa cha bafu, tap! "Umeme umevuja ndani ya ukuta," alikuwa anasema. "Siku moja tutaungua." Alianza kufungua milango kwa ncha ya kitenge. Kanisani ilikuwa mbaya zaidi, maana sisi watu wa Kongo tunasalimiana kwa kugusanisha vichwa, mara tatu, na Jumapili moja mama na rafiki yake waligusana tu, cheche ikaruka kati ya paji na paji. Wote wawili wakaruka nyuma. "Kichwa chako kiko na moto!" rafiki akasema. "Ni chako," mama akasema, na wakaanza kubishana ni cha nani.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikamfundisha mama. Nilimwambia cheche ya kitasa na radi ya mbinguni ni kitu kimoja, tofauti ni ukubwa. Kwamba ndani ya wingu vipande vya barafu vinagongana na kusuguana mpaka umeme unajaa, halafu unatafuta njia. Mama alinisikiliza vizuri sana. Kwetu radi si mchezo. Ikinguruma, mama hufunika vioo vyote kwa nguo, na hataki kuona nguo nyekundu. Majira ya joto yaliyopita alimwomba anti avue gauni lake jekundu katikati ya ngurumo, na anti akamwambia, "Dada, radi ya huku haina mwenyewe. Hakuna aliyeituma." Mama akamjibu kwamba hata gari lisilo na dereva linagonga watu. Basi niliposema ni kitu kimoja na ya kitasa, aliniuliza mara mbili. "Kimoja kabisa?" Nikasema kimoja kabisa. Nilijiona mwalimu.

Jumanne ya juma lile la nyumba, mwalimu alifika kwenye matetemeko ya ardhi. Alichora duara la dunia na maganda yake ya mawe yanayosukumana. Akasema pale yanapokutana au kuachana, mwamba hupinda polepole kwa muda mrefu, nguvu inajaa, halafu siku moja mwamba unateleza ghafla na nguvu yote inatoka. Alionyesha kwenye ramani bonde kubwa la Afrika ya mashariki, na kidole chake kikapita juu ya ziwa letu. Akauliza, "Kuna mtu hapa amewahi kuhisi tetemeko?"

 Mkono wangu ulikuwa juu ya meza na ukabaki juu ya meza. Akangoja kidogo, akaendelea.

Akasema Sweden iko mbali na kingo za maganda, mwamba wake ni wa zamani sana na mgumu, na matetemeko yake ni madogo, mengi hata hayasikiki. Nikapumua. Halafu akasema, kama mtu anayeongeza chumvi, kwamba hata hivyo ardhi ya huku bado inapanda kidogo kidogo, kwa sababu zamani ililaliwa na barafu nzito, na barafu ilipoyeyuka ardhi ilianza kuinuka kama godoro mtu akishatoka. Bado inainuka mpaka leo.

Nilitoka darasani nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Hakuna matetemeko, lakini yapo madogo. Ardhi imetulia, lakini inainuka. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika mlango wa kabati ukatetemeka.

Mama alikuwa amerudi kutoka kazini, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto. Nikaona nijaribu hata hivyo.

"Mwalimu anasema hapa matetemeko ni madogo tu."

"Kwa hiyo yapo."

"Yapo, lakini hayasikiki."

"Lile mimi nimelisikia."

"Basi labda lile lilikuwa dogo lililo kubwa kidogo." Nilijisikia vibaya hata nilipokuwa nalisema. "Mama, ni kama cheche ya kitasa. Inakushtua, lakini haiui. Cheche si radi."

Mama akanitazama kwa huruma. "Wewe si ndiye uliniambia cheche na radi ni kitu kimoja? Hapa hapa, juma lililopita. Kimoja kabisa, ulisema. Donc, basi, hili dogo na lile la Bukavu nalo ni kitu kimoja. Limekuja dogo kupima njia."

"Haipimi njia, mama."

"Umeme unatafuta njia. Ni maneno yako."

Anti, aliyekuwa anapiga pasi, akasema, "Kakushika, mwalimu." Kisha akapunguza sauti akamwambia mama kwamba yeye anaweza kuongea na binti yake, kwamba mama na huyo binti watalala chumba kimoja mpaka tupate nyumba nyingine. Mama akasema aksanti sana, lakini nilimwona usoni. Kulala chumba kimoja na binti wa mtu, mwenye mitihani yake, baada ya miaka ile yote. Akasema, "Alhamisi nitampigia yule bwana simu, nitamwambia hapana. Siku moja mbele, ili asingoje bure."

Alhamisi asubuhi niliomba anisubiri nitoke shule. Sikusema kwa nini. Sikuwa na hakika mwenyewe.

Katika saa ya sayansi mwalimu alikuwa anarudia, na mwishoni akauliza kama kuna swali. Kila mara huuliza hivyo na kila mara tunaanza kufunga mikoba. Niliinua mkono. Nakumbuka mwalimu alitazama nyuma yangu kwanza, kuona ni nani aliyeuinua. Nilikuwa nimeandika swali kwa Kiswidi kwenye kiganja, lakini jasho lilikuwa limelichafua, nikasema nilivyoweza: kwamba tulikuwa ndani ya nyumba, kwamba ilipiga pi pi pi, kwamba nyumba ikaruka, kwamba ikapiga tena, ndefu. Nikauliza ile mashine inajuaje.

Darasa lilicheka kidogo. Siyo kwa ubaya. Kijana mmoja wa Eritrea akasema, "Hata mtaani kwetu, kila siku, wanatoboa chini." Mwalimu hakucheka. Aliuliza ni mtaa gani, nikamtajia. Akasema huko wanachimba njia ya treni chini ya ardhi. Mwamba ni mgumu, hauchimbiki kwa koleo. Wanatoboa mashimo, wanajaza baruti, wanapasua. Kabla ya kupasua ni lazima wapige mlio wa kukatika katika ili watu wajue. Wakimaliza na hatari ikiisha, wanapiga mlio mmoja mrefu.

"Mashine haijui kitu," alisema. "Watu ndio wanajua, kwa sababu ni wao wanaofanya."

Kengele ilikuwa imeshalia. Aliniita mezani kwake, akaniuliza kama nimewahi kuhisi lile la kweli. Nikasema ndiyo. Akaniuliza lilikuwaje. Nikasema taa ilibembea. Alingoja niendelee na mimi sikuweza, akaniambia nikiweza siku nyingine, atapenda kusikia.

Kwenye treni ya chini ya ardhi kurudi Rågsved nilikaa nikiwaza jinsi ya kumwambia mama. Kadiri nilivyowaza, ndivyo nilivyoona nimeharibu. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kitu cha kuliondoa tetemeko, na nilichopata ni baruti. Tuliikimbia Kongo kwa ajili ya nini? Nimwambie mama, hapana, usiogope, ni watu tu wanalipua chini ya kitanda chako?

Lakini nilimwambia. Mimi sijui kumdanganya, uso wangu unanisaliti. Alikuwa ameketi kitandani na simu mkononi.

"Baruti," akasema.

"Ndiyo. Ya kupasua mawe. Wanatengeneza njia ya treni."

"Kwa hiyo mashine haijui."

"Haijui. Ni wao wenyewe. Wanalia kwanza, halafu wanapasua, halafu wanalia kusema yameisha."

Akaigeuza simu mkononi. Nilikuwa nangoja aseme lile nililolitegemea, kwamba hawezi, kwamba amechoshwa na milio ya namna hiyo. Badala yake akauliza:

"Toka wanapoanza kulia mpaka mshindo, ni muda gani?"

"Sijui."

"Mtu anaweza kutoka chumbani mpaka jikoni?"

"Sijui, mama. Sikuangalia."

Akaweka simu mkobani. "Twende tusikilize."

Tulirudi kule jua likiwa linakaribia kushuka, maana siku za huku wakati ule ni fupi. Tulisimama kando ya uzio wa bati, mbali kidogo, mkabala na ile nyumba. Watu walikuwa wanapita na mifuko ya duka. Mwanamke mmoja alikuwa anasukuma gari la mtoto. Hakuna aliyekuwa anatazama chini wala juu. Baridi ilikuwa kali na mimi nilikuwa naona aibu, kwa sababu tulikuwa tumesimama tu, watu wazima wawili, tunangoja kitu ambacho kila mtu amekizoea. Nikaanza kufikiri labda leo hawapasui. Nikaanza kuomba wasipasue. Halafu nikaomba wapasue upesi, tuondoke.

Pi, pi, pi, pi.

Mama aliganda. Niliona miguu yake ikitaka kwenda. Kisigino kimoja kiliinuka. Kisha akavua glavu kwa meno, akanyoosha mkono kwangu. Mimi nilikuwa nimeuficha wangu ndani ya mkono wa koti. Akaufuata humo ndani, akaushika, na pale ngozi ilipogusa ngozi, tap! cheche ikatupiga wote wawili. Nilipiga kelele. Mama alishtuka lakini hakuachia. Alikaza.

"Ni yako," akasema.

"Ni yako, mama, umevua glavu ya sufu."

Mlio ulikuwa bado unaendelea. Ulikuwa mrefu kuliko nilivyokumbuka. Mtu angetoka chumbani mpaka jikoni. Angetoka chumbani, akafika jikoni, akazima jiko, akarudi kuchukua na shuka. Kisha ardhi ikasukuma nyayo zetu, mara moja, na mshindo ukapita chini yetu kama mlango mkubwa uliofungwa mbali. Yule mtoto ndani ya gari lake hakuamka. Mama alikuwa amenikamata kwa nguvu hivi kwamba pete yake iliniumiza. Tukasimama hivyo hivyo mpaka ule mlio mrefu ukaja na kuisha.

"Lile la kwetu halikupiga hodi," mama akasema. Alikuwa anatazama uzio, hakunitazama mimi. "Kama lingepiga hodi, ningekushika."

Nilitaka kumwambia kwamba najua. Nilitaka kumwambia habari za ile taa, na kwamba sikulia, na kwamba nilidhani ni homa. Maneno yakanitoka yote. Nikasema, "Nyumba haikuanguka."

"Mimi sikujua kwamba haitaanguka," akasema.

Hapo ndipo akanitazama, na akaniachia mkono, akavaa glavu. Njiani alimpigia yule mwanamume wa kampuni kwa Kiswidi chake cha kazini, chenye maneno machache yaliyonyooka, akamwambia ndiyo, tunachukua. Yule bwana akauliza kitu. Mama akasema, "Hapana, viatu ninavyo."

Tulihamia kabla binti wa anti hajarudi. Anti alitusaidia kubeba, akazunguka vyumba vyote akifungua kila mlango, na mlio ulipolia alituambia nyamazeni nisikie, akasimama katikati ya sebule na mikono kiunoni. Baada ya mshindo alisema, "Kumbe ni hicho tu?" lakini nilimwona ameketi haraka kuliko alivyokusudia.

Mimi bado sielewi vizuri. Mwalimu alisema lile ni tetemeko la watu, si la dunia, na kwamba vitu hivi ni viwili. Mama huliita "tetemeko lao", na anasema linamfaa kuliko lile la Mungu. Darasani nimeandika kwamba umeme ukijaa lazima utoke, na mwamba ukipinda lazima uteleze, na nilipata alama nzuri, lakini bado sijui kwa nini kimoja kinapata mtu wa kukipigia mlio na kingine hakipati. Siku moja nitainua mkono tena. Siyo bado.

Jana mama alikuwa anapika maharage na mimi nilikuwa chumbani kwangu, chumba chenye mlango, najaribu kuandika haya. Pi, pi, pi, ikaanza kule nje. Nilisikia ndala zake zikitoka jikoni, halafu zikasimama, halafu zikarudi. Nikajua amesahau kitu mkononi. Nikasikia bati likigusa meza. Aliweka kifuniko chini kwanza, ndipo akaja.